Bunduki ya upepo haikabidhiwi na mtu wa posta: Uingereza ilivyoziba mwanya wa watoto kununua silaha kwa kuagiza

Mtu mzima anayeishi England au Wales hahitaji leseni ya polisi kumiliki bunduki ya kawaida ya upepo. Anaweza kuichagua kwenye tovuti ya duka lililo mji wa mbali na kuilipia kwa kadi akiwa amekaa kitako nyumbani kwake. Asichoweza ni kuletewa mlangoni na mpeleka vifurushi kama anavyoletewa viatu. Tangu tarehe 1 Oktoba 2007, mfanyabiashara anayemuuzia mtu wa kawaida bunduki ya upepo lazima aikabidhi ana kwa ana, mnunuzi akiwapo na muuzaji au mwakilishi wake akiwapo. Asipofanya hivyo anatenda kosa la jinai, hata kama mnunuzi ana miaka hamsini.

Tunalieleza jambo hili hapa kwa sababu nyumba nyingi za Mombasa, Lamu na Malindi zina watu wao Uingereza. Watoto wanazaliwa na kukulia huko, na mjomba au ami akitoka huku kwenda kuwatembelea hukuta vitu ambavyo hakuvizoea. Bunduki ya upepo ni kimojawapo. Kwa macho ya mtu aliyecheza na panda ya mpira utotoni, akiwinda njiwa na tetere, kitu hiki huonekana ni panda iliyopata maendeleo. Wazazi kadhaa huko hudhani ni kitu cha kuchezea, na wengine hudhani kimepigwa marufuku kabisa. Wote wamekosea.

Kwanza tukijue kitu chenyewe. Bunduki ya upepo haina baruti. Kinachosukuma risasi ni hewa iliyobanwa kwa springi, au hewa iliyojazwa kwa pampu ndani ya chupa ya chuma, au gesi ya kaboni dayoksaidi iliyomo katika kichupa kidogo. Risasi yake huwa ni kipande kidogo cha madini ya risasi, chenye kipenyo cha milimita 4.5 au 5.5. (Waswahili tulimaliza mjadala zamani: madini na kinachotoka mtutuni tuliviita jina moja.) Kipande hicho ni chepesi, lakini kinatoka kwa kasi. Sungura na panya hufa kwacho, na ndiyo maana wakulima wanakitumia. Jicho la mtoto haliwezi kustahimili pigo lake, na kikimpata mtu mahali pabaya kichwani au kifuani kinaweza kuua.

Sheria ya huko inapima nguvu ya silaha hizi mtutuni. Kwa kanuni za mwaka 1969, bunduki ndefu ikizidi futi-pauni 12, yaani kama jouli 16, inahesabiwa kuwa silaha hatari na inahitaji cheti cha polisi kama bunduki ya risasi za moto. Bastola ya upepo mpaka wake ni futi-pauni 6, na ikizidi hapo imo katika fungu la silaha zilizopigwa marufuku. Zile za chini ya mipaka hiyo, ambazo ndizo nyingi, ziliachwa bila leseni. Makala haya yanazihusu hizo.

Mwanya ulivyokuwa

Sheria ya Silaha ya mwaka 1968 ilikwishakataza kumuuzia mtu wa chini ya miaka 17 silaha ya aina yoyote, ya upepo ikiwemo. Kijana mwenyewe akinunua naye alikuwa amevunja sheria. Kwa maneno ya kwenye karatasi, mtoto alikuwa amelindwa, lakini karatasi hiyohiyo ilimruhusu kijana wa miaka 14 kumiliki bunduki ya upepo aliyopewa zawadi, ingawa hakuruhusiwa kuinunua. Mzazi alinunua, mtoto akamiliki. Hali hiyo ilidumu miongo mitatu na zaidi, hadi mabadiliko yaliyoanza kutumika mwaka 2004 yalipopandisha umri wa kumiliki hadi 17 na kufanya kosa kubeba silaha ya upepo mahali pa umma bila sababu ya haki.

Bado ilibaki biashara ya kuagiza kwa posta. Duka lilitangaza bidhaa zake gazetini au kwenye katalogi. Mteja alijaza fomu, akaandika jina na anwani, akatia sahihi kwamba umri wake unatosha, akaambatanisha hundi. Siku chache baadaye kifurushi kilifika. Ilipokuja intaneti, fomu ikawa ya kwenye skrini na sahihi ikawa alama ya kubonyeza. Aliyefungua mlango kupokea mzigo angeweza kuwa baba, dada au kijana mwenyewe aliyerudi mapema kutoka shule. Mpeleka vifurushi hakujua ndani mna nini, wala haikuwa kazi yake kujua.

Ubovu wa mtindo huu ulikuwa ndani ya utetezi ambao sheria yenyewe inampa muuzaji. Akishitakiwa kwa kumuuzia mtoto, anaweza kuachiliwa akithibitisha kwamba aliamini mnunuzi ametimiza umri, na kwamba alikuwa na sababu ya maana ya kuamini hivyo. Katika duka lenye kaunta sababu hiyo hupimwa kwa macho. Mvulana wa miaka 14 akisimama mbele yako, huwezi kwenda mahakamani kusema ulimdhania ni mtu mzima. Kwa posta, muuzaji angeweza kuinua fomu na kusema: mimi niliandikiwa hivi, na sahihi hii hapa. Kila aliyejitahidi kutomwona mteja wake alikuwa na kinga nzuri kuliko yule aliyemwona, na hilo mimi naliona kuwa kosa kubwa kuliko hata suala la miaka 17 au 18.

Dawa iliyotumika

Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Kupunguza Uhalifu wa Kutumia Nguvu mwaka 2006. Ndani yake mna vifungu vilivyofuatana kuhusu silaha za upepo, na ni vyema kuvisoma pamoja kwa sababu kimoja kinashika pale kingine kilipoachia.

Kifungu cha 31 kinasema anayeuza silaha za upepo kama biashara lazima awe mfanyabiashara wa silaha aliyesajiliwa na polisi. Kabla ya hapo, duka la vifaa vya uvuvi au la vyombo vya bustani lingeweza kuziweka rafuni kama bidhaa nyingine. Kifungu cha 32 ndicho cha kukabidhi ana kwa ana. Kifungu cha 33 kilipandisha umri hadi miaka 18. Kile cha 34 kikafanya kosa kwa mtu wa umri wowote kupiga risasi ikavuka mipaka ya eneo alilo na ruhusa ya kulitumia, kwa mfano kutoka uani kwake hadi uani kwa jirani.

Tukae na kifungu cha 32, maana ndicho chenye ufundi. Hakikukataza mtu kuagiza kwa simu, kwa barua wala kwa intaneti. Kilichokatazwa ni silaha kuingia mkononi mwa mnunuzi bila mtu anayewajibika kuwa mbele yake. Na mtu huyo ametajwa kwa makini. Ni muuzaji mwenyewe, au mfanyakazi wa biashara yake, au mfanyabiashara mwingine aliyesajiliwa ambaye muuzaji amempa idhini ya kumwakilisha, au mfanyakazi wa huyo mwingine. Orodha imeishia hapo. Kampuni ya kusafirisha vifurushi haimo, hata mpelekaji wake angekagua kitambulisho mara mbili.

Kwa vitendo inakwenda hivi. Mtu wa Cardiff anaona bunduki kwenye duka la Manchester na kuilipia. Duka la Manchester linaipeleka kwa duka la silaha lililosajiliwa karibu na mnunuzi. Hapo katikati inaweza kusafirishwa na kampuni yoyote ya mizigo, kwa kuwa anayepokea ni mfanyabiashara mwenzake. Mnunuzi anakwenda dukani na kitambulisho chake, anaangaliwa uso, anakabidhiwa. Njia ya pili ni duka la Manchester kumtuma mfanyakazi wake na gari lake hadi nyumbani kwa mnunuzi. Njia zote mbili zina gharama, na duka la pili hutaka chake kwa kazi ya kupokea na kukabidhi.

Wapenzi wa ulengaji shabaha wanaokaa mashambani, mbali na duka, wana haki ya kunung'unika. Mtu mzima mwaminifu anasafiri mwendo mrefu kuchukua kitu ambacho sheria inamruhusu kuwa nacho bila leseni. Nimelipima lalamiko hilo na sioni kwamba linaishinda hoja ya upande wa pili. Bunduki ya upepo ikitunzwa hudumu miaka mingi, basi safari hiyo mtu haifanyi kila mwezi. Risasi zake hazikubanwa na kifungu cha 32: zinaweza kupelekwa kwa posta, mradi mnunuzi awe na miaka 18 au zaidi. Vilevile wafanyabiashara wenyewe kwa wenyewe wanapelekeana silaha kama kawaida. Mzigo umewekwa mahali pamoja, pale silaha inapotoka mkono wa biashara kwenda mkono wa mtu.

Kwa visu walikuja na mtindo mwingine. Sheria ya Silaha za Kudhuru ya mwaka 2019 inakubali visu viagizwe kwa mbali na vifikishwe nyumbani, lakini kwa utaratibu wa kuhakikisha umri hata mlangoni. Hapo mpeleka mzigo amepewa kazi ya kutazama kitambulisho. Kisu cha jikoni kila nyumba inakihitaji, kwa hiyo naelewa kwa nini hawakumlazimisha kila mtu kwenda dukani. Lakini mpelekaji huyo ana milango mingi ya kupiga hodi kwa siku na analipwa kwa kufikisha. Mwenye duka la silaha ana usajili wa polisi wa kupoteza.

Mahali panapovuja

Kifungu cha 32 kinamshika anayeuza kama biashara. Mtu binafsi anayeuza bunduki yake kuukuu kwa mwenzake hakuguswa nacho. Katazo la kumuuzia mtu wa chini ya miaka 18 linamhusu, ndiyo, lakini hakuna amri kwamba lazima waonane. Ule udhaifu wa fomu na sahihi umebaki katika soko hilo la mitumba. Muuzaji aliye nchi ya nje naye ni mgumu kufikiwa na mahakama ya Uingereza, na kinachobaki ni ukaguzi wa vifurushi mpakani.

Mvujo mkubwa zaidi uko nyumbani. Baba ananunua kihalali, anaiweka bunduki nyuma ya kabati, na mwanawe anajua ilipo. Duka lilifuata kila kifungu na mtoto bado ameipata. Ndipo ikaja Sheria ya Uhalifu na Usalama ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika katika jambo hili Februari 2011. Kwa sheria hiyo, mwenye silaha ya upepo asiyechukua tahadhari za kutosha kuizuia isifike kwa mtu wa chini ya miaka 18 ametenda kosa na anaweza kutozwa faini. Haisubiri mtoto aumie. Kuiacha mahali anapoifikia kunatosha.

Kisha kuna jambo ambalo sheria zote za umri haziligusi. Machi 2005, mjini Glasgow, mtoto wa kiume wa miaka 2 alipigwa kichwani kwa risasi ya bunduki ya upepo na akafariki. Aliyefyatua alikuwa mwanamume wa makamo ya miaka ishirini na kitu, mtu mzima kwa sheria yoyote ile. Kama vifungu vya 2006 vingekuwepo siku hiyo, duka lingemuuzia na asingekuwa amedanganya kitu. Wanaodai kwamba kuzuia watoto kununua kunamaliza hatari ya silaha hizi wanapaswa kulikumbuka tukio hili kila wanapozungumza.

Watu wa Scotland walilikumbuka. Mamlaka juu ya silaha za upepo yalihamishiwa bunge lao, nalo likapitisha sheria mwaka 2015. Tangu tarehe 31 Desemba 2016 mtu hawezi kuwa na bunduki ya upepo huko bila cheti cha polisi, na polisi humtazama mwombaji ni mtu wa namna gani na anaitakia nini. Serikali yao ilikuwa imekadiria kwamba kuna silaha kama hizo nusu milioni katika nchi yenye watu wasiozidi milioni sita. Kabla ya sheria kuanza polisi waliwaalika watu wasiozihitaji wazirudishe bila kuulizwa maswali, na zaidi ya 11,000 zilirudishwa. Ayalandi ya Kaskazini, kwa historia yake ya vita vya mitaani, ilikuwa kali siku nyingi. Huko silaha ya upepo inayozidi jouli 1 inahitaji cheti.

Kwa hiyo neno "Uingereza" halitoshi mtu anapouliza sheria inasemaje. Kanuni ya kukabidhiana ana kwa ana inashika England, Wales na Scotland. Ukiwa Scotland, juu yake kuna cheti. Ukiwa Belfast, uko chini ya sheria nyingine kabisa.

Mzazi na kijana wake

Swali tunaloulizwa ni hili: kijana wangu anataka kujifunza kulenga shabaha, je, imeharamishwa? Haikuharamishwa. England na Wales, mtoto wa chini ya miaka 14 anaweza kutumia bunduki ya upepo katika eneo la mtu binafsi akisimamiwa na mtu wa miaka 21 au zaidi. Kijana wa miaka 14 hadi 17 anaweza kuitumia katika eneo la mtu binafsi kwa ruhusa ya mwenye eneo hata bila msimamizi, ingawa mimi wangu nisingemwacha peke yake. Klabu zilizoidhinishwa nazo zinapokea vijana. Ila hawezi kununua, hawezi kukodi, wala hawezi kupewa zawadi. Ukimnunulia ya siku ya kuzaliwa au ya Idi na ukamwambia "hii yako", umevunja sheria wewe mtoaji. Silaha inabaki mali ya mtu mzima na chini ya ulinzi wake, na kijana anaitumia kwa ruhusa.

Pia asibebe njiani. Kijana akionekana barabarani na mfuko mrefu wa bunduki, polisi watafika wakiwa tayari kwa silaha ya kweli, kwa sababu kwa mbali hakuna anayeweza kutofautisha. Kwa watoto wetu wenye majina na sura zao, katika miji ya Uingereza ya leo, sina haja ya kuchora picha hiyo hadi mwisho.

Bunduki za plastiki zinazofyatua vijipira navyo visichanganywe na haya. Hizo nyingi zinahesabiwa kuwa silaha za bandia, na sheria ileile ya 2006 imekataza kumuuzia mtu wa chini ya miaka 18 silaha ya bandia. Zile zinazofanana kabisa na za kweli zimebanwa zaidi, hata kwa wazima, isipokuwa kwa shughuli maalumu kama filamu, maigizo na michezo iliyopangwa. Bunduki ya maji ya rangi ya waridi haina tatizo.

Wapo pia wanaofikiria kurudi nyumbani na bunduki ya upepo katika kontena la mizigo, au kumtumia ndugu aliye shamba huku akafukuzie tumbili na kunguru. Kutohitaji leseni England hakumpi mtu kibali cha kuingiza kitu hicho Kenya. Hapa kuna Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na Bodi ya Leseni za Silaha. Huko ndiko pa kuuliza, kwa maandishi, kabla mzigo haujapakiwa, wala si baada ya kushikwa Kilindini. Wakala wa mizigo atakayekwambia "hii ni ya kuchezea tu, hawaiangalii" hatakuwapo forodhani siku ya kujieleza.

Na aliye Leicester au London akialikwa na jamaa wa Glasgow kwenda kulenga shabaha, asitie bunduki yake garini kwa kuwa nyumbani kwake haihitaji cheti. Akivuka mpaka wa Scotland anahitaji kibali cha mgeni kutoka Polisi wa Scotland, na kibali hicho huombwa kabla ya safari.